Kura ya Mwisho ya Wakili Tarpley

Lemuel Tarpley alikuwa na ulimi mrefu, na Kentucky nzima ililijua hilo. Jaji akimwona anainuka mahakamani, alilegeza mkanda na kuvua viatu. Maskini, kesi alishinda nyingi, lakini uchaguzi ulimpiga chenga. Mara mbili aligombea kiti cha wilaya katika baraza la jimbo, na mara mbili Kanali Barnaba Crutcher alimbwaga.

Safari hii ilikuwa lazima ashinde. Kivuko cha Mto Bramble kilikuwa mali ya Kanali, na kila hoja ya kujenga daraja ilifia mikononi mwa Kanali huyohuyo barazani. Mto ukijaa, kivuko husimama. Na kivuko kikisimama, mama mkwe wa Lemuel, Bibi Tabitha Oglesby, anayetoka ng'ambo ya mto kuja kutembea siku mbili, hukaa wiki sita. Mwaka huo mto ulikuwa umejaa mara tatu. Bibi Tabitha alikalia kiti cha Lemuel karibu na moto, akamaliza jamu yake ya cheri, akasoma hotuba zake na kuzikata kwa kalamu.

"Mkwe wangu," alimwambia asubuhi ile ya siku ya tatu na ya mwisho ya kura, "huo mdomo ndio unaokuponza. Sema kidogo, ukae."

"Nimesikia, mama," alijibu Lemuel, akaenda zake na hasira yake.

Wagombea wawili walikuwa wameketi kwenye benchi mbele ya mahakama. Mpiga kura alipanda ngazi, akataja jina kwa sauti watu wote wasikie, karani akaandika kitabuni. Aliyetajwa alisimama, akainama, akashukuru, kisha mpiga kura akashuka kuelekea kwenye pipa la pombe ya mahindi. Jua likizama, kitabu kinafungwa. Jana yake Mzee Enos Pruitt alifika ngazi ya juu akihema, akasema "Tar—", jua likazama.

"Kitabu kifungwe!" Kanali alikuwa amepiga kelele. "Neno halijaisha, kura haipo! Sheria ni sheria!"

Mzee Enos alilazimika kurudi leo, maili kumi na mbili juu ya nyumbu, amenuna.

Jioni ilipokaribia, karani alisoma hesabu: mia mbili na kumi na moja kwa kila mmoja. Waliobaki ni wagombea wenyewe tu. Na desturi ilijulikana: muungwana humpa mpinzani wake kura. Anayejitaja mwenyewe, hata mbwa wake humwonea haya.

Lemuel alipiga hesabu. Atampa Kanali, Kanali atampa yeye, watakuwa sawa. Wakiwa sawa, anayeamua ni msimamizi wa kura, naye ni Asa, mpwa wa Kanali, aliyekula mezani kwa mjomba wake asubuhi hiyohiyo.

Kanali, kwa kuwa ndiye mkubwa kwa umri, aliinuka kwanza. Alikuwa akitabasamu kama paka aliyeonja maziwa.

"Lemuel Tarpley!" alitangaza, na watu wakashangilia uungwana wake.

Lemuel akasimama, akainama, akashukuru. Kisha akatupia jicho kilima cha magharibi. Jua lilikuwa limebakiza upana wa vidole viwili.

"Ndugu zangu," alianza, "kabla sijataja jina la mtu ninayempa kura yangu, hebu niwaambie ni mtu wa namna gani."

"Lete jina, wakili!" Asa alisema.

"Unataka nimpe mjomba wako kura bila heshima? Kama kutupia kuku mahindi?"

Umati ukanguruma: "Mwache amsifu!"

Akamsifu. Akaanza na babu yake Kanali, akapitia vita alivyopigana, akasimulia farasi wake mmoja mmoja kwa majina. Mzee Enos ndiye aliyetangulia kung'amua. Alicheka mpaka akaketi chini. Kanali alikuwa akivimba kwa fahari, mpaka kivuli cha kilima kilipogusa buti zake.

"Inatosha!" alifoka. "Taja jina!"

"Na unyenyekevu wake, jamani! Hapendi kusifiwa! Basi kura yangu naitoa kwa Barnaba Cru—"

Jua likazama.

"Kitabu kifungwe!" Mzee Enos alipaza sauti. "Neno halijaisha! Sheria ni sheria!"

Mia mbili na kumi na mbili kwa mia mbili na kumi na moja. Karani alifunga kitabu huku mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Lemuel alirudi nyumbani akitamba. "Mama, nimeshinda! Kwa mdomo huuhuu! Daraja litajengwa!"

Bibi Tabitha alimkumbatia, machozi yakimlengalenga. "Mwanangu! Kumbe hivyo ndivyo unavyonipenda? Nilikuwa naogopa ule mto. Sasa nitakuwa nakuja kila siku."

Lemuel alilegeza mkanda na kuvua viatu, kama jaji aliyemwona yeye akiinuka mahakamani.