Kokoto Zisizo na Gundi

Mhandisi Briony Kessell alikuwa ameapa kwamba njia ile ya kurukia ndege ni imara. Baada ya mafuriko, mji wa Barrawilla ulitaka kujua jambo moja tu: je, ndege mpya ya madaktari, nzito kuliko ile ya zamani, itatua bila kuipasua lami? Briony akaijenga njia nzima ndani ya kompyuta: lami juu, kokoto katikati, udongo mweusi chini, kila tabaka limekatwa vipande vidogo vinavyosukumana. Akaipiga kwa kishindo cha gurudumu. Lami ikahimili. Akatia saini ruhusa.

Leo mji wote ulikuwa umejipanga kando ya uzio, soseji zinachomwa, nzi wamejaa usoni. Katika kibanda cha uwanja, Tevita, mhandisi mwenzake, alikuwa akiwaonyesha madiwani filamu ya kishindo kile, mwendo umepunguzwa na mabonyeo yamekuzwa mara elfu ili jicho liyaone.

"Hapo gurudumu linapiga," Tevita alisema. "Lami inabonyea, halafu inarudi juu. Kazi ya Briony hiyo, jamani!"

"Inaruka kama godoro la fungate," diwani Clive alisema.

"Wewe na mdomo wako," meya Lorraine Petherick akamkemea, huku naye akicheka.

Briony akacheka nao. Kisha akaisogelea skrini.

Lami iliporudi juu, kokoto zilipanda nayo. Zilirefuka, zikakonda kama unga wa mkate unaovutwa, zikiishikilia lami. Kokoto! Mawe yaliyomwagwa na kushindiliwa tu. Ukiyabana, yanakaza, ukiyavuta, yanaachana. Yeye alikuwa ameyapa tabia ya chuma, kwa sababu hesabu ya chuma ni nyepesi na huisha upesi, na ofisi nzima ilifanya hivyo miaka yote. Basi mzigo ambao kokoto ziliubeba ndani ya kompyuta, huko nje ungebebwa na lami peke yake.

"Tevita, rudisha nyuma."

"Wapi?"

"Rudisha! Tazama kokoto."

Tevita akatazama. Tabasamu likamtoka usoni. "Mungu wangu, Bri. Zinavutika." Akamgeukia. "Lakini tuliangusha ule uzito wa majaribio juu ya lami. Vipimo vilikubaliana!"

"Uzito ule ni mwepesi. Haukuzitikisa kokoto. Ndege inayokuja itazitikisa."

Nje watu wakapiga mayowe ya furaha. Ndege ilikuwa imeonekana, magurudumu yameshatolewa.

Briony akakimbilia meza ya mawasiliano ya ndege. Akaichukua redio. Meya akamshika mkono.

"We mwanamke, una wazimu? Ruhusa ina jina lako!"

"Ndiyo maana nasema mimi. Niachie, Lorraine." Akajichomoa. "Rubani, usitue. Nasema usitue! Panda juu!"

Ndege ikazidi kushuka, pua imeelekea mwanzo wa lami. Kisha injini zikanguruma, vioo vya kibanda vikatetemeka, na ule mwili mweupe ukapita juu ya vichwa vya watu, ukapanda na kugeukia mashariki.

"Kwa hiyo lami ni mbovu?" meya aliuliza. Midomo ilikuwa imempauka.

"Sijui."

"Hujui? Juzi ulijua!"

"Juzi nilidanganyika. Nitaikata lami nichimbe, nipige hesabu upya. Mpaka hapo, ije ile ndege nyepesi ya zamani."

"Na hawa watu nje nikawaambie nini?"

Tevita akasimama. "Twende wote, Bri. Na mimi nilikuwepo."

"Hapana. Saini ni yangu."

Akatoka. Jua likamchapa machoni. Watu walikuwa bado wanatazama angani, soseji zinaungua, hakuna wa kuzigeuza. Akapanda jukwaa lililotengenezwa kwa ajili ya meya, akakishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Nimeizuia mimi," akasema. "Nilikosea hesabu za lami."