Alphonse Alipopita Kumi

Vijana wa mji wa Baraka walimwita Lukmani Mwalimu, ingawa kazi yake ilikuwa uuguzi. Wakati wa vita alipelekwa Burma na hospitali ya jeshi, na huko akamuuguza mateka wa Kijapani, mzee aitwaye Higa, aliyevunjika mguu. Higa ndiye aliyemfundisha karate, akiwa ameketi kitandani, na kila kitu kwa lugha yake: hajime, yaani anza, kisha ichi, ni, san, moja mbili tatu, mapigo mpaka kumi. Homa ikamchukua kabla masomo hayajaisha.

Sasa Lukmani alifundisha baada ya sala ya alasiri, katika hangari tupu, ghala la zamani la pamba. Siti, mkewe, hakupenda. Alisema maneno yana wenyewe, na ukiyaita kila siku, siku moja mwenyewe ataitika. Kwa nini asihesabu kwa Kiswahili? Lukmani alimjibu kuwa alijaribu, na ngumi zilitoka zimelegea.

Siku moja, upepo wa ziwa ukiwa umetulia kabisa, alisema hajime, akahesabu mpaka ju, yaani kumi, kisha akasema basi. Wote wakashusha mikono isipokuwa Alphonse, mvuvi wa Lweba. Yeye aliendelea kupiga ule mti ulioshika paa. Lukmani akamwambia aache. Eugène, mwanafunzi mwenzake, akamkamata kiunoni, akatupwa chini. Damu ikaanza kuchuruzika kwenye vidole vya Alphonse, na midomo yake ikawa inahesabu: juichi, juni, jusan.

Lukmani akasogea karibu asikilize. Yeye mwenyewe hakujua kuhesabu zaidi ya kumi kwa lugha ile.

Ndipo nyuma yake mtu akasema, polepole, kama aliyechoka: "Yame."

Alphonse akashusha mikono, kama aliyeambiwa acha. Lukmani aligeuka. Palikuwa na ukuta tu na magunia yaliyokunjwa. Aliwauliza vijana nani kasema; wote wakakana, na nyuso zao zilionyesha hawadanganyi.

Alimpeleka Alphonse dispensari, akamfunga vidole. Kijana alikuwa mtulivu, hakumbuki maumivu. Alikuwa na jambo moja tu la kuuliza.

"Mwalimu, ule muzee mwenye alikuwa nyuma yako, juu ya nini haukumupa kiti? Mguu yake ilikuwa inamuuma."

Lukmani alimruhusu aende. Nyumbani alimweleza Siti yote, akitegemea alaumiwe. Siti akauliza yule Mjapani alizikwa na nani. Lukmani akasema hajui. Asubuhi ya kifo cha Higa alikuta kitanda kitupu, na hakuuliza.

"Basi umukaribishe leo," Siti akasema. "Muntu ametoka mbali vile, na hakuna mwenye alimwambia karibu."

Alipika wali na samaki, akaupeleka mwenyewe hangarini, yeye ambaye hakuwahi kukanyaga pale. Vijana walikula, na kwa mara ya kwanza Lukmani akawasimulia habari za Higa, jina lake, mguu wake, uvumilivu wake. Sahani moja hawakuigusa.

Juma lililofuata masomo yakaendelea, kwa maneno yaleyale. Alphonse alirudi, vidole vikiwa bado na bandeji, akasimama mstari wa mbele. Wenzake walipojipanga, waliacha nafasi ya mtu mmoja kando yake, ingawa hakuna aliyewaambia.