Udongo Usiolia

Mwaka mzima vyungu vya Mfinyanzi havikununuliwa, na joko lake lilibaki wazi kama mdomo uliopiga mwayo ukasahau kufumba. Shemeji yake, fundi mwashi, alipataka pale pa joko ajenge stoo ya saruji. Wakaahidiana: Mfinyanzi achome udongo, ausage, uchanganywe na saruji, sehemu tatu kwa saba, ufyatuliwe tofali. Likistahimili nyundo, joko litabaki, na unga wake Mwashi ataununua. Majaribio matatu, basi.

Matofali mawili yalikuwa yameshavunjika.

"Shemeji, hili ni tofali au biskuti?" Mwashi alicheka, vumbi jekundu limempaka masharubu.

"Cheka. Hayo meno yako yenyewe hayastahimili nyundo."

Lakini moyoni aliungua. Udongo aliuchoma kama alivyochoma vyungu miaka thelathini: mpaka uive, mpaka ukiugonga kwa ukucha ulie ngii! Kilipungua nini?

Mara ya tatu aliketi mbele ya joko mchana kutwa, joto likamlegeza. Kuni zikanong'ona. Akaona vyungu vyake vyote vikipita hewani, polepole, midomo imefumbwa. Akavipa maji, vikayakataa.

"Sisi tumeshaiva, mama," vikasema. "Aliyeiva hashikamani tena na mtu."

Akazinduka. Moto ndani ulikuwa mwekundu wa kiza, haujafika rangi ya chungwa. Mkono wake, kwa mazoea, ulishanyanyua ukuni wa kuongeza. Akauzuia. Akaulea moto pale pale mpaka jua likainama. Udongo ulipopoa akaugonga kwa ukucha.

Kimya.

Aibu ikamshika, kama mtu anayepakulia wageni chakula kibichi. Hata hivyo akausaga.

Siku ishirini na nane tofali lililala chini ya magunia, naye akilinywesha maji asubuhi na jioni kama mgonjwa.

Siku ya ishirini na tisa Mwashi akaja na nyundo, na kamba ya kupimia stoo. Akapiga. Nyundo ikaruka. Akapiga tena, kwa hasira, na lile tofali la udongo bubu likalia:

Ngii!

Mwashi akaanza kuikunja kamba.

"Stoo hata kwenye banda la kuku inatosha," alisema.

"Kawaombe radhi kuku, shemeji," alisema Mfinyanzi, akaenda kuwasha joko. Moto kidogo tu.