Nafasi ya Koma

Mgeni alitukuta uani tukinyonyoa kuku wa supu ya harusi. Alikuwa mzee mrefu aliyevaa suti nyeusi ya mazishini, na alisimama nje ya geti mpaka mbwa akachoka kumbwekea.

"Hapa ndipo kwa Svetozar?"

"Ndipo," nilimjibu. "Lakini babu alifariki mwaka juzi."

"Najua. Natoka kaburini kwake. Muuza mikate ameniambia mjukuu wake anaoa kesho." Akavua kofia. "Mimi ni Balint, natoka ng'ambo ya mpaka, Hungaria. Ni koma wake. Aliniahidi kwamba nitasimama kwenye harusi ya mjukuu wake. Basi nimekuja kusimama. Suti ninayo, hii hapa."

Alisema hivyo huku uso wake mzima umefunguka kwa furaha. Mikono yangu ilikuwa imejaa manyoya.

"Karibu ndani, babu," nikasema. "Kama aliahidi, nafasi yako ipo. Na mimi nakuahidi."

Mama alinitazama kana kwamba nimetia sukari kwenye supu.

Tulimketisha Balint barazani na glasi ya rakia, pombe yetu kali ya matunda, kisha sote tukajazana jikoni. Baba alifunga mlango.

"Dunja, umemwahidi nini yule mtu?"

"Nafasi aliyoahidiwa na babu."

"Ya kum? Kum ni Gvozden. Babu yake alisimama na baba yangu, baba yake akasimama na mimi. Sasa nikamwambie Gvozden akakae na wapiga tarumbeta?"

Kwetu sisi Waserbia, kum husimama ubavuni mwa bwana harusi, kisha huja kuwasimamia watoto wake wakibatizwa, na kijiti hupokezwa kizazi hadi kizazi. Kumnyima kum nafasi yake ni jambo ambalo pale kijijini halitajwi hata kwa mzaha.

"Lakini hakusema kum," Mama alisema. "Amesema koma. Wahungaria wakisema koma ni yule aliyemsimamia mtoto wako ubatizoni."

"Au rafiki tu," alisema kaka yangu Vukan, bwana harusi mwenyewe, akiwa ameshika kuku miguuni. "Yule fundi baiskeli Mhungaria humwita koma kila mteja."

Viorica, jirani yetu Mromania, alikuwa akikata tambi mezani. "Kwetu ni kumatru, na kwenye harusi hana kazi. Kumatru ni wa ubatizo. Wa harusi ana jina lake."

"Basi atafutwe mtoto, tumbatize," Vukan akasema.

"Wewe kaa kimya," Mama akamkatiza. "Kuku bado hawajaisha."

Kisha wote wakanigeukia mimi, kwa sababu nilikuwa nimesomea lugha chuoni Novi Sad, na insha yangu ya mwisho niliiandika juu ya neno hilohilo. Niliwaambia nilichokijua. Mzizi wake ni Kilatini: baba mwenza, yaani baba wa kiroho anayesimama kando ya baba wa damu. Kanisa lililisambaza Ulaya nzima, na kila taifa likalivaa kwa kipimo chake. Wafaransa walifika mahali wakamwita hivyo mtu anayejificha katikati ya watazamaji ili amsaidie mfanya mazingaombwe. Kwenye magereza ya Warusi, kum ni afisa anayepokea umbea wa wafungwa.

"Kwa hiyo mzee wetu ni tapeli au mpelelezi?" Vukan aliuliza.

"Kwa hiyo sijui," nikasema.

Na kweli sikujua. Nilikuwa nimejaza kurasa nyingi juu ya neno lile, na sikujua la kumfanyia mtu mmoja aliyeketi barazani kwetu. Babu alisema Kiserbia nyumbani, Kihungaria kwenye kinu cha unga, Kiromania sokoni, na akikasirika alizichanganya zote. Nani angejua neno lake alilitoa wapi?

Baba alitoka kwenda kuuliza, nasi tukamfuata.

"Mzee Balint, nisamehe. Baba alikuahidi kwa lugha gani?"

Balint alicheka. "Tulikuwa kwenye tuta la mto uitwao Tisa, mafuriko yamepanda. Baba yako yumo majini mpaka shingoni, na mimi nimeng'ang'ania mkanda wake. Unadhani tulichagua lugha? Alipopata pumzi akasema, koma, utasimama kwenye harusi nyumbani kwangu. Wewe ulipooa nilikuwa kibaruani Ujerumani. Akanitumia salamu: basi, utasimama kwenye ya mjukuu."

"Kusimama kama nani?"

Mzee alifikiri, akaizungusha glasi. "Sikumuuliza. Nilidhani mtajua ninyi."

Balint alitutazama mmoja mmoja, kisha akaichukua kofia yake taratibu. "Kama kuna tabu, basi la jioni lipo."

"Hakuna tabu, babu," nikasema, na tabu ilikuwa imejaa baraza nzima.

Alasiri Gvozden alileta kreti za bia, akasikia habari. Alinivuta pembeni. "Siwezi kutoka, Dunja. Si kiburi. Nikitoka, baba yangu hatanisalimia tena."

"Sikuombi utoke."

Ilikuwepo nafasi nyingine moja. Kwenye meza ya msajili wa ndoa, pamoja na kum, husimama shahidi wa pili, na Vukan alikuwa amenichagua mimi. Mjomba alinuna wiki nzima, akidai kwamba nafasi ile kwa desturi ni ya kaka wa mama. Jumatatu Vukan na mkewe walikuwa wanahamia Vienna kufanya kazi. Ile saa moja ubavuni mwake niliingoja tangu majira ya kuchipua.

Nilimkuta Vukan stoo akipanga kreti.

"Mpe mzee nafasi yangu."

"Yako si ya kum, wala koma, wala kumatru."

"Anataka kusimama. Pale watu husimama."

"Niligombana na mjomba kwa ajili yako."

"Najua."

"Basi uache kuwaahidiahidi watu getini."

"Nitajaribu."

Alijifuta uso kwa mkono wa shati, akasema stoo ina vumbi.

Kesho yake nilimshika Balint mkono, nikampeleka hadi kwenye kiti changu.

"Na wewe utakaa wapi, mwanangu?"

"Kule nyuma, na Viorica."

"Hapa ndipo aliposema Svetozar?"

"Sijui, babu. Hapa ndipo ninapoweza."

Msajili alitualika tukae. Watu wote wakakaa, isipokuwa Balint. Alisimama wima, kofia kifuani, huku msajili akiendelea kusoma. Gvozden alimtazama, akasita kidogo, kisha naye akainuka.

"Sasa huyo tumwiteje?" Viorica alininong'oneza.

Nilikuwa nikikitafuta kichwa cha kaka yangu katikati ya ile migongo miwili, na kutoka nilipokaa hakikuonekana.