Kengele ya Moshi ya Ghorofa ya Tatu

Mama Samaki alikuwa amepiga magoti kwenye korido, anapaa samaki ndani ya beseni, magamba yakimrukia mpaka kwenye nyusi, kengele ya moshi ilipoanza kulia juu ya kichwa chake. Kwanza alilitazama jiko lake. Lilikuwa limeegemezwa ukutani, baridi, halijaona kaa la moto tangu jana.

Watu wa ghorofa ile waliichukia kengele hiyo kuliko kunguni. Mwenye nyumba aliiweka baada ya kampuni ya bima kumbana, akanunua moja tu ya betri, akaipachika katikati ya korido, akajiona amemaliza. Yenyewe haikujua kubagua: moshi wa samaki na moshi wa kifo kwake ni mamoja. Na ikilia tu, Nyapara, msimamizi wa nyumba aketiye chini kwenye mita za umeme, huzima umeme wa ghorofa nzima mpaka kesho yake, eti watu washike adabu. Mashine ya kinyozi hunyamaza kichwa cha mteja kikiwa nusu kichaka, nusu uwanja. Wahenga walisema pafukapo moshi pana moto. Ghorofa ya tatu, pafukapo moshi pana samaki, na mkaangaji alikuwa mmoja.

Ndiyo maana kila mlango ulisokomezwa tambara kwa chini, moshi wake usiingie ndani. Hata mlango wa baba mkwe wake ulikuwa nalo, tena aliliweka Mama Samaki mwenyewe, kwa kuwa kifua cha mzee kilikuwa kibovu. Mzee alikuwa fundi redio, naye kiziwi kabisa; alizitengeneza kwa kuweka vidole juu ya spika, akiusikia mziki kwa ngozi. Mwanawe, mume wa Mama Samaki, alikwenda mbali kutafuta kazi, akapotelea huko. Waliobaki, mkwe na mzee, wakawa kama mtu na baba yake mzazi. Asubuhi ile alimwacha ameketi juu ya godoro, kichomeo mkononi, anaunganisha waya.

Taa zilizimika. Milango ikafunguka. Kinyozi alitangulia, povu la sabuni mikononi, na kabla Mama Samaki hajasema kwamba leo hakukaanga, kofi lilishamwangukia shavuni. Alisema hivyo hivyo, mdomo ukivuja damu, akiwaonesha jiko. Mtu akalipiga teke jiko, mwingine akalipindua beseni. Samaki wakateleza mpaka kwenye ngazi.

Hapo ndipo alipouona: uzi mwembamba wa moshi, unapenya juu ya mlango wa mzee. Tambara lilikuwa limeuzuia moshi humo ndani hadi chumba kikajaa, ukatafuta njia ya juu.

Akakimbilia mlangoni. Wao wakadhani anatoroka. Walimdaka kwa nywele, wakamwangusha, mateke yakamshukia mbavuni. Alipiga kelele kwamba baba yumo, baba anaungua, lakini kengele ilikuwa juu yao inalia, na kila mmoja alisikia alichokuwa akikisikia siku zote. Kinyozi akamkalia mgongoni.

"Leo hutoki, mama. Leo utatulipa umeme wetu."

Aliung'ata mkono wa kinyozi mpaka meno yakakutana na mfupa. Kinyozi alinguruma, akainua kichwa apumue, akavuta moshi mweusi. Alikohoa. Akatazama nyuma, akamwachia.

Ni kinyozi aliyevunja kwa bega komeo lililokuwa limekwama. Mlango ulifunguka kidogo, ukakwama. Mzee alikuwa amelala nyuma yake, godoro likifuka kando ya ukuta, na ngozi ya vifundo vya vidole vyake ilikuwa imechubuka yote. Alikuwa akigonga. Kelele za kumpiga mkwewe zilikufunika kule kugonga kwa mwisho kwa vidole vyake, na hakuna aliyetaka kumtazama mwenzake usoni.

Mchana walipokwisha kuiondoa maiti, alikuja mkaguzi wa majengo na Nyapara nyuma yake. Mkaguzi alibonyeza kitufe, kengele ikalia, akaridhika. Kifaa kizima, alisema. Kosa ni la wapangaji waliokizoea. Nyapara akaongeza kwamba mwenye nyumba ametuma salamu: Mama Samaki ahame, yeye ndiye aliyewaharibia watu masikio.

Mama Samaki, jicho moja limefumba kwa uvimbe, aliuliza kwa adabu kwa nini hakukuwa na kengele chumbani kwa mzee, na asiyesikia huamshwa na nini.

"Zipo za kutikisa kitanda," mkaguzi akajibu. "Lakini sheria inadai moja tu kwa kila ghorofa. Na imewekwa."

"Basi ingia uone alipolala."

Mkaguzi aliingia, kitambaa puani, maana godoro lilikuwa bado linafuka taratibu. Mama Samaki akauvuta mlango nyuma yake, akakishikilia kitasa kwa mikono miwili, mbavu zilizovunjika zikimchoma. Uchungu ulimtoa machozi, hakuondoka. Nyapara alipomrukia, kinyozi alimshika shingo kwa mkono ule ule wenye alama za meno, akamtupa ukutani. Kisha akainama, akaokota tambara, akalisokomeza chini ya mlango mpaka likakaza. Hakusema pole, wala hakuombwa.

Mkaguzi alibisha hodi kama mgeni. Baadaye akagonga. Kisha akawa anapiga kwa ngumi zote mbili, anakohoa, anadai afunguliwe, moshi unamuua.

Korido yote ilikuwa imetoka milangoni. Hakuna aliyesogea. Juu yao kengele ilikuwa kimya.

"Tulia, mkubwa," Mama Samaki alimwambia kupitia ubao. "Ikilia tutakufungulia."