Batani Zisizo na Majina

Haidari haoni tangu alipougua surua utotoni, na hilo halikumzuia kuwa mpiga muziki bora kutoka Kibiti mpaka Mohoro. Nalisema mapema ili msianze kumhurumia. Ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu Semeni, na ana mdomo mbaya. Ukimhurumia atakutukana.

Mimi ndiye mwenye spika. Miaka ile biashara ilipofunguliwa, kila mtu akawa huru kuleta mali aliyoiweza, nikanunua jenereta iliyotumika, amplifaya, na spika mbili ndefu kuliko mimi. Mimi nakodisha na kubeba, Haidari anapiga. Kila kaseti aliifunga uzi wa ukindu wenye mafundo yake. Fundo la kubana, wimbo wa kuingiza mwali. Fundo legevu, ngoma ya mduara. Uzi usio na fundo, kaswida. Mgeni alikuwa hajamaliza kutaja wimbo, mkono wa Haidari umeshatoka kwenye sanduku na kaseti yenyewe.

Lakini kaseti zilianza kufa. Unyevu wa huku bondeni unaotesha ukungu kwenye mkanda, na muziki unaanza kulia kama mbuzi. Daraja la Mto Rufiji lilikuwa jipya, mabasi yanakimbia kwenda kusini, na vijana wakishuka kutoka Dar wanatucheka. Nikaenda Dar nikanunua kompyuta ya mtumba. Muuzaji akaniwekea ndani programu ya kupigia muziki, nzuri ajabu, ya duara kama dashibodi ya gari jipya, na taa nyekundu na za kijani zinazoruka kila ngoma inapogonga. Watu walikuwa wanakuja dukani kwangu kutazama taa tu.

Haidari naye hakukaa nyuma. Huseni, rafiki yake aliyesoma naye shule ya wasioona, sasa yuko Dar, akamletea CD ya programu inayosoma kwa sauti maandishi ya kwenye kioo. Unabonya kitufe, inakwambia uko wapi. Ilikuwa inasema Kiingereza, na majina yetu ikiyasoma kama padri aliyeshuka melini jana. Tukaiita Mzungu. Kwa siku chache Haidari na Mzungu wake wakawa wamoja. Anafungua mafaili, anaandika barua, anasoma saa.

Kisha akafungua ile programu yangu ya muziki.

"Batani," Mzungu akasema, yaani kifungo kwa Kiingereza chake. Haidari akabonya kitufe cha kusogea mbele. "Batani." Akasogea tena. "Batani."

"Inasema batani gani?" nikamuuliza.

"Batani tu. Shemeji, umeninunulia koti la askari. Limejaa vifungo na hakuna hata kimoja chenye jina."

Kwenye orodha ya nyimbo ilikuwa mbaya zaidi. Mzungu alinyamaza kabisa, kana kwamba pale hapana kitu. Mimi naziona nyimbo zimejipanga safi, yeye hana habari nazo. Baadaye Huseni alitueleza kwa simu: waliotengeneza programu ile walichora kila kitu kama picha ili kipendeze, na Mzungu hasomi picha. Anasoma maandishi tu.

"Basi nitahesabu," Haidari akasema. Akakaa nayo. Batani hii inapiga, ile inasimamisha, zile zinapandisha sauti. Wimbo wa kumwingiza mwali uko hapa, wa wajomba uko pale. Aliyashika yote kichwani, nami nikaridhika. Nani asiyejua kichwa cha Haidari?

Tukaenda Mtunda kwenye sherehe ya kumtoa mwali.

Asiyejua sherehe zetu nimweleze kidogo. Msichana akitolewa ndani, jamaa wanaingia kwa makundi, beseni kichwani, kanga mabegani, na kila kundi lina wimbo wake wa kuingilia. Wimbo ule ni heshima yao. Wakiingia na wimbo usio wao, umewavua nguo. Na kwenye taarabu zetu za kurushana roho zipo nyimbo ambazo mke mdogo anampigia mke mkubwa, na mkubwa anamrudishia. Mpiga muziki anayejua kazi yake huwa anatazama kwanza nani yuko mlangoni. Haidari hatazami, lakini anasikia sauti, na hakuwahi kukosea.

Siku ile alikuwa anaingia Bi Maimuna, shangazi wa mwali, mke mkubwa wa mfanyabiashara wa mpunga. Mke mwenziwe, kijana, alikuwa ameshakaa ndani na kundi lake. Haidari akamsikia Bi Maimuna anacheka nje. Akahesabu, akabonya.

Sasa ile programu ilikuwa na tabia ambayo hatukuijua. Wimbo uliopigwa sana ilikuwa inaupandisha juu yenyewe, bila kumwambia mtu. Orodha aliyoishika Haidari haikuwa ile tena. Spika zangu mbili zikafungua kinywa na kutoa wimbo wa mke mdogo anayemwambia mkubwa kwamba zamu yake imekwisha, arudishe funguo.

Bi Maimuna alisimama mlangoni na beseni lake. Upande wa ndani kundi la mke mdogo likainuka lote, vigelegele, mikono juu. Haidari akatambua mara moja. Nikamwona anakimbilia batani ya kusimamisha, akibonya na kuhesabu, lakini hesabu ya batani ilianzia kwenye orodha, nayo ilikuwa imehama. Akabonya aliyodhani ndiyo. Sauti ikapanda. Akabonya nyingine, wimbo ukaanza upya.

"Zima!" nikapiga kelele.

"Nazima kwa ipi? Zote batani!"

Beseni liliruka. Sijui nani alirusha. Nikavuta waya wa jenereta, muziki ukakatika, na hapo matusi ndiyo yakasikika vizuri.

Tulirudi Kibiti kwenye gari la mkaa. Haidari alipakata hedifoni zake kama mtu aliyetoka kuzika.

Habari ilifika kabla yetu. Kesho yake Bi Zuena wa Umwe alikuja dukani. Alikuwa ameshatukodi kwa sherehe ya bintiye, Sabra, mwezi ule ule, na Bi Maimuna ni mgeni wake mkubwa. Hakukaa.

"Mwinjuma, spika zako nazitaka. Yule wako asiyeona asiguse mashine."

"Bi Zuena, yule ndiye mpigaji."

"Ndiye mpiganishaji. Tafuta mwenye macho, au nakwenda Ikwiriri kutafuta spika nyingine."

Haidari alikuwa nyuma ya pazia, anasikia yote. Bi Zuena alipoondoka, nilisema nilichokuwa nacho. Mimi sijui kuzunguka. "Shemeji, kuna kijana wa Dar, Hemedy. Nitamwita ashike mashine. Wewe utakuwa na mimi kwenye spika."

"Nibebe spika?"

"Ni kazi."

"Kazi ya punda ni kazi pia. Mwinjuma, ukiniondoa kwenye muziki nitakaa barazani, watoto wataniletea uji na watu wazima watanisalimia kwa huruma. Unanijua. Sitamaliza mwaka sijaua mtu kwa maneno."

Semeni alitokeza kichwa kutoka jikoni. "Na wewe ukimwondoa, kitandani usiniguse. Nimesema."

"Haya, mwende wote mkanishtaki," nikajibu, nikatoka.

Nilizunguka mjini hasira zipungue, lakini sikumpigia Hemedy; nilikwenda kwa Mwantumu kuuliza kama programu ile inatengenezeka. Mwantumu ana duka la kutoa fotokopi karibu na stendi, na ndiye peke yake mjini aliyekuwa na intaneti, inayopita kwenye waya wa simu kama konokono. Nilimkuta Haidari ameshafika kabla yangu, na fimbo yake, anasema na Mwantumu anaandika.

"Waandikie hivi," alikuwa anasema. "Mimi ni mpiga muziki. Programu yenu ina taa nzuri, shemeji yangu anasema. Kwangu mimi ni nyumba yenye milango isiyo na vishikio. Kila batani iwekeni jina. Orodha iwe maandishi, si picha. Na isijihamishe bila ruhusa yangu."

"Niweke na salamu?" Mwantumu akauliza.

"Weka. Waambie pia kwamba kuna beseni lililoruka."

Mwantumu akacheka mpaka akakosea kuandika. Aliitafsiri barua kwa Kiingereza chake cha kidato cha nne, akaituma, kisha akampigia Huseni kule Dar. Huseni hakutaka habari ndefu.

"Mnangoja wazungu watengeneze ndipo mfanye sherehe?" alisema, sauti yake inakwaruza kwenye spika ya simu. "Itupeni hiyo programu. Ipo ya zamani, mbaya, ya kijivu. Orodha ya maandishi, menyu za maandishi, kila kitu kwenye kibodi. Mzungu anaisoma yote. Mwantumu anaweza kuivuta kwenye intaneti hapo hapo."

Kuivuta kulichukua mchana mzima, kisha tukaipeleka kwa CD kwenye kompyuta yetu dukani. Ilipofunguka nikachoka. Ilikuwa kama fomu ya ofisi ya ardhi. Kijivu, mistari, maandishi. Hakuna taa hata moja.

"Hii hapana," nikasema. "Wateja wangu wanakuja kuona taa."

Haidari alikuwa ameshavaa hedifoni, vidole vinakwenda. Mzungu alikuwa anamtajia nyimbo moja moja, kwa lafudhi yake ya kipadri, na uso wa shemeji yangu ulikuwa umebadilika. Nilikuwa sijauona hivyo tangu kaseti ziliposhikwa na ukungu.

"Shemeji," akasema, "wateja wako wanacheza kwa macho?"

 Nikaikubali ile ya kijivu.

Ikabaki Bi Zuena. Nilimtumia ujumbe kwamba mashine imebadilishwa, akanijibu kwamba mwenye kusamehe si yeye, ni Bi Maimuna. Kwa hiyo siku moja asubuhi Bi Maimuna mwenyewe akaingia dukani, kanga mbili kichwani, akavuta kigoda mbele ya Haidari.

"Nimekuja unijibu jambo moja. Aliyenitukana ni mashine au ni wewe?"

"Mama, mkono ni wangu," Haidari akasema. "Lakini mashine haikuniambia mkono uko wapi. Ile nimeitupa. Hii inaniambia."

"Maneno. Nipigie wa kuingilia wajomba."

Vidole vikapita. Spika ikatoa wimbo wa wajomba.

"Mduara wa Mohoro." Ukatoka.

"Sasa," Bi Maimuna akakunja mikono, "nipigie ule ule."

Nilimkanyaga Haidari mguu. Akanisukuma. Wimbo wa mke mdogo ukaanza, na yule mama akausikiliza mstari mzima, kidevu juu. Kisha akapiga kofi moja la kumjaribu, na Haidari akabonya.

Kimya.

Akapiga tena. Ukaendelea pale pale ulipokatika. Akapiga kofi, kimya. Wimbo, kimya, wimbo, kimya, kila mara katikati ya tusi. Bi Maimuna akaanza kucheka kidogo kidogo, mwishowe akajipangusa macho kwa ncha ya kanga.

"Laiti mwenzangu angekuwa na batani hiyo," akasema. "Mwambieni Zuena nitakuja Umwe. Na huyu ndiye apige."

Umwe tulikwenda na mashine ya kijivu. Vijana walichungulia kioo, wakauliza taa ziko wapi. Nikawaambia zimekwenda likizo. Haidari alikaa na hedifoni sikio moja, sikio jingine akaliachia watu. Bi Zuena alikuwa amesimama nyuma yake kama askari wa magereza, ameshika mwiko.

Makundi yakaingia, kila moja na wimbo wake. Wajomba. Majirani. Mke mdogo na wenzake, nao wakapewa wao wa heshima, hakuna zaidi. Bi Maimuna alipofika, uwanja wote uligeuka kutazama. Haidari hakuharakisha. Alimwacha acheke kwanza kule nje, akahakikisha ni yeye, akasikiliza Mzungu anataja jina, ndipo akabonya. Wimbo wake hasa. Aliingia anacheza na beseni kichwani bila kulishika.

Ngoma ilipokolea, Sabra yuko katikati, vumbi liko magotini, spika zinatikisa mabati, ghafla muziki ukakatika kama umekatwa kwa kisu. Bi Zuena akainua mwiko.

"Nilisema mimi! Nilisema!"

Haidari akanyoosha kidole juu. Hapo ndipo sisi wengine tuliposikia. Msikitini ng'ambo ya mashamba, bila kipaza sauti, mwadhini alikuwa anaanza adhana ya alasiri. Neno la kwanza lilikuwa bado halijaisha. Katika kelele ile yote alilisikia, na safari hii alijua batani iko wapi.

Wanawake wakavuta kanga kichwani. Mwiko wa Bi Zuena ukashuka taratibu. Tulikaa kimya mpaka mwisho, na waliokwenda kuswali wakaenda. Waliporudi, Haidari akabonya, na wimbo ukaendelea kutoka kwenye neno lile lile.

"Mnaona?" Bi Maimuna akasema kwa sauti ya kufika upande wa pili, akimtazama mwenzake. "Huyu anajua kunyamaza wakati wake. Wangapi hapa wanajua?"

Mke mdogo akainuka kujibu. Haidari akapandisha sauti ya mduara, safari hii kwa kusudi, na hakuna aliyesikia alilojibu. Bi Zuena alituagiza tena kwa harusi kabla hatujapakia spika.

Barua kutoka kwa waliotengeneza ile ya taa ilikuja baada ya masika. Mwantumu alitusomea. Kumbe aliyeitengeneza ni mtu mmoja, anafanya jioni baada ya kazi yake, na hakuwahi kufikiri kwamba yuko asiyeona anayeitumia. Aliuliza kama beseni lilimpata mtu. Alituma programu iliyorekebishwa. Haidari akaifungua na Mzungu akasema "Piga," kwa Kiingereza, kisha "Simama," kisha "Batani," kisha "Batani." Orodha bado ni bubu.

"Mbili zina majina," Haidari akasema. "Mwantumu, kaa. Tumwandikie tena."