Jina la Kanga ya Mama

Usiku wa jana niliota nimegombana na ubao. Mimi kazi yangu ni picha za kuchapa: nachonga ubao, naupaka wino, nalaza karatasi juu yake, nasugua kwa mgongo wa kijiko. Nachonga majani ya mkorosho, ndege na wadudu wa kwetu Newala. Ubao huu ulikuwa wa picha ya kanga ya mama, nao uligoma.

"Fundi," uliniambia, "korosho umechonga, maua umechonga. Hapa chini mbona patupu?"

Nikaujibu kwamba hapo ni mahali pa jina, na jina silijui. Mama alipelekwa hospitali amejitanda kanga hiyo. Hakurudi, na kanga haikurudi. Nilikuwa mdogo, sijajua kusoma. Pindo nalikumbuka, kila ua nalikumbuka, ila yale maneno kwangu yalikuwa michirizi tu.

"Kanga bila jina ni pazia," ubao ukasema. Sikubishana nao, maana ni kweli.

Naweka patasi chini, na chumba changu cha kazi hakipo tena. Niko kwenye ghala la korosho, kwenye foleni. Mbele yangu yamesimama majani, yananung'unika kwamba huwa nayachonga bila kuyaomba ruhusa. Jani la mpapai linaniuliza kwa nini nililinyima kidole. Naliomba radhi, nalichorea kidole kwa kalamu, linashukuru na kwenda zake.

Mezani amekaa ndege hondohondo, miwani juu ya mdomo wake mkubwa. Namwambia namtaka mama. Anauliza kama nimeshamchonga. Namjibu nimejaribu miaka yote, hatokei.

"Hatokei kwa sababu patasi unampitishia yeye," anasema. "Kanuni unaijua, dada. Panapopita patasi panakuwa peupe. Usichokigusa ndicho kinachobaki."

Basi nikaanza kuondoa kila kitu kisichokuwa mama. Nachonga ghala, linakwisha. Nachonga foleni, majani yananisamehe shingo upande. Nachonga barabara, kisha hospitali na kitanda chake, na hicho nilikichonga kwa hasira mpaka patasi ikapata moto. Hondohondo alikunja mabawa mwenyewe ili asinipe kazi kubwa.

Dunia ikawa nyeupe pe. Katikati akabaki mama.

Amekolea wino mbichi, amejitanda kanga ile ile. Shikamoo niliisahau, nikainamia kanga. Jina lipo pale chini, linang'aa, lakini herufi zote zimegeuka kinyume, siambulii hata neno. Zamani sikujua kusoma. Sasa najua, na bado sisomi. Nililia.

"Mama, imeandikwa nini?"

"Ubao hausomwi, Somoe," akasema. "Unachapwa. Njoo."

Akanikumbatia. Ananukia moshi wa maganda ya korosho, kama zamani. Ananikandamiza kwa uzito wake wote, ananisugua mgongo taratibu ili wino ushike kila mahali. Nilimwomba asiniachie. Akasema karatasi ikikawia juu ya ubao hugandamana nao, na ukija kuibandua inachanika, na mimi mchapaji nalijua hilo kuliko yeye. Kisha akanibandua polepole, akianzia pembeni, kama inavyotakiwa.

Nikaamka. Kumeshapambazuka, jirani anafagia uwanja wake. Nilipovuta shuka niliona kitu kwenye mkono wangu wa kushoto, upande wa ndani, kati ya kiwiko na kiganja. Ni herufi ndogo za wino mweusi, bado mbichi, zimekaa sawasawa:

SIKUKUACHA NIMETANGULIA

Nilizisoma kwa sauti, silabi moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza.

Leo nimepika kwa mkono mmoja na kufua kwa mkono mmoja. Ule wa kushoto siugusi.